Ngoja, Ngoja, Kanyaga

Marlys Tufte alisifika kwa mambo mawili mjini Kennewick, na yote mawili aliyastahili. La kwanza ni pai yake ya cheri. La pili ni kushika mapigo ya wimbo. Alikuwa ameongoza kwaya ya Walutheri tangu nywele zake zikiwa za manjano mpaka zikawa nyeupe, na katika muda wote huo hakuna mwimbaji aliyechelewa kuingia kwenye ubeti akasalimika. Hakuwa anagomba. Alikuwa anakutazama tu, na wewe mwenyewe unajirekebisha upesi.

Ndiyo maana mumewe, Orrin, alipoanza kuendesha boti za mbio, hakuna aliyeuliza nani atasimama mnarani na hedifoni kumwongoza kwa redio. Nani mwingine? Mwanamke anayeweza kuwashika waimbaji wa Kilutheri wasiopatana hata juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe, atashindwa na mwanamume mmoja?

Kazi yenyewe si ya mchezo. Boti hizi haziondoki zikiwa zimesimama. Zinazunguka mtoni kwanza, zinatokea kona ya mwisho upande wa darajani, halafu zinaufuata mstari kwa kasi zote huku ile saa kubwa ya ukingoni ikielekea kuisha. Ukivuka kabla haijaisha, umewahi, unaongezewa mzunguko wa adhabu. Ukichelewa, wenzako wamekwisha kukuachia ukuta wa maji, ule ambao wenyewe huuita mkia wa jogoo, na utayanywa maji yao mpaka mbio ziishe. Tena Bi Cheri, boti ya Orrin, ilikuwa na injini ya turbini iliyotolewa kwenye helikopta kuukuu ya jeshi. Turbini haina pupa. Ukikanyaga mafuta haikuitikii papo hapo: inavuta pumzi, inapiga mluzi, ndipo inakurusha. Kwa hiyo anayesema "kanyaga" inabidi aseme mapema kidogo, wakati macho bado yanakataa. Marlys alikuwa anaujua wakati huo bila kufikiri.

Alikuwa anaujua, nasema. Kwa sababu tangu mwaka jana mambo yaliharibika, na mji mzima ukaamua kwamba aliyeharibika ni Orrin.

Jumamosi asubuhi Marlys alikuwa kwenye foleni ya mahindi ya kuchoma, pale kwenye bustani ya kando ya Mto Columbia. Joto lilikuwa limeanza mapema, na upepo ulileta vumbi na harufu ya vichaka vikavu kutoka vilimani. Mbele yake wanaume wawili waliovaa kofia za boti nyingine walikuwa wanaongea kama vile mto ule ni wa baba yao.

"Orrin basi tena. Mguu wake umekufa ganzi."

"Tangu ile siku aliyoruka?"

"Tangu siku ile. Wenzake wanakanyaga, yeye anasali."

"Kusali si vibaya."

"Asali kanisani, basi. Si mke wake ana kwaya?"

Marlys alichukua hindi lake, akalipaka siagi, akawaambia, "Habari za asubuhi," kwa sauti ile ile ya kanisani. Mmoja wao aligeuka, akamtambua, akabaki anatafuna hewa. Lakini ushindi wa namna hiyo haushibishi. Aliondoka pale na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na jambo jingine lisilotulia ambalo hakutaka kulitazama.

Njiani watoto walikuwa wanakimbiza baiskeli, kila mmoja amefunga nyuma kwa kamba kiboti cha mbao kilichopakwa rangi nyumbani, kama watoto wa mji huu walivyofanya tangu Marlys mwenyewe yuko msichana. Kitoto kimoja cha kike, meno mawili ya mbele hayapo, kikakata kona kwa makusudi. Kiboti kikapinduka, kikaburuzika chali kwenye nyasi.

"Mimi ni Orrin," kikatangaza kwa fahari, na wenzake wakakipigia makofi.

Marlys naye alicheka. Angefanyaje?

Alipofika kwenye kambi ya boti yao, Lyle Kilgallen alikuwa anamsubiri kivulini. Lyle ndiye mwenye boti. Ana mashamba ya cheri huko bondeni, na boti ameipaka rangi ya cheri zake, na tumbo lake lenyewe huwa limefunikwa na fulana ya rangi hiyo hiyo. Si mtu mbaya. Ni mtu anayeona haya kusema jambo gumu kwa mwanamume, akaona bora amwambie mkewe.

"Mama Marlys, nikwambie kitu, usinipige."

"Inategemea ni kitu gani."

"Kesho kwenye fainali nikiona Orrin amechelewa tena mstarini, mbio zijazo za Seattle nampa usukani dereva mwingine. Kuna kijana wa Detroit."

"Na Orrin umtupe wapi?"

"Nani kasema kumtupa? Atakuwa balozi. Atavaa kofia, atapunga mkono, atagawa cheri kwa watoto."

"Balozi wa cheri."

"Ni kazi ya heshima."

"Basi ifanye wewe, kofia unayo."

Lyle alijikuna shingo. "Injini ni nzima, boti ni nzima. Inayobaki ni nini? Mguu. Nampenda Orrin, lakini mguu sina wa kumpa."

Marlys alimwacha hapo hapo. Alikwenda nyuma ya trela, akakaa juu ya tairi la akiba, akala hindi lake lote bila kulionja.

Mwaka jana, mto huu huu, Orrin alikuwa anaongoza. Bi Cheri ikiwa kwenye kasi yake haikai majini kama boti ya mvuvi. Inagusa maji kwa ncha mbili za mbele na nusu ya pangaboi, mwili mwingine wote uko hewani. Upepo ukapita chini ya pua. Pua ikainuka, ikaendelea kuinuka, boti nzima ikasimama wima juu ya mto kama mlango uliong'oka, ikajigeuza, ikaanguka chali na kubiringika.

Dereva huwa amefungwa mikanda ndani ya kichumba chenye kifuniko kigumu cha kioo, kama cha ndege ya kivita, na kwenye tumbo la boti kuna mlango mdogo wa kutokea ikiwa imepinduka. Na si kwamba hawafundishwi. Kabla ya kila msimu hufungwa kwenye kiti ndani ya bwawa la kuogelea, wakapinduliwa kichwa chini macho yamezibwa, na hawaruhusiwi kushindana mpaka watoke wenyewe. Marlys alikuwa akikaa ukingoni mwa bwawa na kazi yake ya kufuma, akazishika hatua zote kama anavyoshika wimbo. Kubwa kuliko zote ni ya kwanza: usifungue mkanda wakati boti bado inabiringika, utavunjika shingo. Ngoja itulie.

Kwa hiyo siku ile, wakati kila mtu mnarani ameshika kichwa, Marlys aliongea redioni kwa sauti ya mazoezi ya kwaya. "Ngoja, Orrin. Ngoja. Ngoja. Imetulia. Sasa mkanda. Sasa mlango, mkono wa kushoto." Wapiga mbizi waliporuka kutoka kwenye helikopta walimkuta amekwisha kutoka, amekaa juu ya tumbo la boti yake anapunga mkono. Marlys akavua hedifoni, akaiweka vizuri mezani, akatapikia ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.

Msimu wa baridi ukapita Orrin hana boti. Aliketi gereji akipanga boliti kwa ukubwa, akimaliza anazimwaga na kuzipanga tena. Marlys alimvumilia kwa muda, halafu siku moja akamuuliza kama si wakati wa kuacha.

"Siku nikiacha, niache mwenyewe," Orrin alisema. "Asiniachishe Lyle, wala usiniachishe wewe."

"Mimi sikuachishi."

Na aliposema hivyo alikuwa anasema kweli, au alidhani hivyo.

Mchana ule wa Jumamosi alipanda mnarani kwa mbio za mchujo. Waongozaji wote husimama pale juu pamoja, bega kwa bega kwenye ubao mwembamba, kila mmoja na boti yake sikioni. Jirani yake wa siku zote alikuwa mzee Emmett Ostrander, anayemwongoza mpwa wake, Trask, kijana mwenye mbwembwe na boti ya kijani. Emmett hutafuna mbegu za alizeti tangu asubuhi mpaka jioni na kutema maganda kwenye kikombe. Mwaka jana, Bi Cheri ilipokuwa vipande, ni yeye aliyekuja na bawa la nyuma la boti yake mwenyewe kwenye gari, akalishusha mlangoni kwa Lyle na kuondoka bila hata kunywa maji. Huko mtoni ndivyo walivyo. Watakushinda leo kwa boliti walizokuazima jana.

"Leo mnatuachia njia tena, au vipi?" Emmett alimtania.

"Tafuna mbegu zako, mzee."

Boti zikaizunguka kona ya darajani. Mluzi wa turbini ukapanda juu ya maji. Marlys akaikazia macho saa kubwa, akaikazia macho boti nyekundu, akabonyeza kitufe. "Ngoja," akasema. "Ngoja."

Pembeni yake Emmett akasema, "Twende, mwanangu," na boti ya kijani ikainama mbele na kuchomoka.

Mwongozaji wa tatu akasema lake. Wa nne akasema. Na Marlys alisikia vizuri kabisa kwamba mdomo wake mwenyewe ulikuwa umefungwa. Neno lilikuwepo. Lilikuwa hapa, kooni, limekaa, halitaki kutoka. Lilipotoka lilikuwa limechelewa kwa pumzi moja tu, kitu ambacho kwenye kwaya angemtazama mtu mpaka ajute. Papo hapo akaisikia injini ya Bi Cheri ikivuta pumzi. Mguu wa Orrin haukuwa na ganzi yoyote. Ulikanyaga mara tu alipoambiwa.

Orrin akauvuka mstari akiwa wa mwisho, akaunywa mkia wa jogoo wa kila mtu.

Mbio zilipoisha Emmett alitema ganda, akamwinamia taratibu ili wengine wasisikie. "Marlys, ulikuwa unamngoja nani?"

Marlys akavua hedifoni, akashuka ngazi ameshikilia reli kwa mikono miwili. Basi ni yeye. Msimu mzima ni yeye. Watu wamemsimanga mumewe kwenye foleni za mahindi, Lyle amekwisha kumshonea kofia ya ubalozi, na mwoga mwenyewe amesimama mnarani na sifa zake za mapigo. Alijiona mnafiki, akajichukia kabisa. Alikuwa amemwahidi hatamwachisha, kumbe anamwachisha kidogo kidogo, kila mbio.

Jumapili asubuhi walikula chapati za maji na shira ya cheri mbele ya gari lao la kulala. Orrin alikula kama kawaida yake, polepole, huku akimsukumia mkewe zile zilizoiva vizuri. Ni mtu mrefu, mkimya, ana masikio makubwa ambayo madereva wenzake humtania kwamba ndiyo yaliyoipeperusha boti.

"Orrin, leo mpe Lyle hedifoni," Marlys alisema.

"Lyle?"

"Au fundi yeyote. Mimi siko sawa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Siko sawa tu."

Orrin alimtazama, akachovya chapati. "Lyle ataniimbia bei ya cheri mpaka nizame."

"Nasema kweli, baba. Mtafute mtu mwingine."

"Sauti nyingine siitaki sikioni. Kama hupandi mnarani, na mimi siingii botini. Tukae hapa tule."

Pale ndipo angesema. Maneno alikuwa nayo yote, tangu usiku alikuwa ameyapanga. Lakini mtu anayemwambia mwenzake hivyo, huku siagi imemganda kidevuni, unamwambiaje kwamba sauti hiyo hiyo ndiyo inayomfukuzisha? Akamfuta kidevu, akapanda mnarani.

Fainali ilikuwa alasiri, na upepo ulikuwa umeongezeka. Marlys alishika reli. Leo sirudii, alijiambia. Nitasema kabla ya Emmett, hata nikimwahisha, aadhibiwe, bora hivyo. Boti zikatokea konani, saa ikaelekea kuisha, akafungua mdomo.

"Ngoja," mdomo ukasema. "Ngoja."

Emmett akasema, "Twende." Na neno la Marlys likakwama vile vile kama jana. Kwa macho yake alikuwa anaiona Bi Cheri nyekundu juu ya maji. Lakini nyuma ya macho alikuwa anaiona imesimama wima, na sauti yake ilikuwa inaiongoza ile ya nyuma ya macho. "Kanyaga," akasema hatimaye, na hakuhitaji kutazama kujua imekuwa ya mwisho. Huko chini Lyle alivua kofia, akaipiga kwenye goti lake.

Hapo ndipo boti ya kijani ikainua pua.

Ilikuwa mbele kabisa, inatoka kona ya kwanza, na upepo ukaipata chini ya tumbo. Ilipaa polepole, au ilionekana hivyo, ikapiga sarakasi kamili hewani, ikashuka chali na kuanza kubiringika katikati ya povu. Bendera nyekundu zikapanda. Boti zote zikakata mafuta. Orrin alikuwa nyuma sana, akaipita mbali bila kuigusa.

Marlys akageuka kwa Emmett. Mzee alikuwa amebonyeza kitufe na mdomo wake uko wazi, mbegu za alizeti zinamdondoka kidevuni, na hakuna kilichotoka. Yule kijana ni mtoto wa dada yake, amemlea tangu anafunga viboti kwenye baiskeli, na sasa yuko kichwa chini mtoni akisikiliza redio isiyosema kitu.

Marlys alimvua hedifoni Emmett, akaivaa juu ya ya kwake.

"Trask, mwanangu. Ngoja," alisema. "Usiguse mkanda. Bado inabiringika. Ngoja. Ngoja." Alikuwa anaiona boti, tumbo, upande, tumbo. Aliishikilia ile "ngoja" kwa nguvu zake zote, wala haikumkwama popote, kwa sababu hapa ndipo mahali pake. "Ngoja. Imetulia. Sasa mkanda. Umefunguka? Usinijibu, fanya. Sasa mlango, mkono wa kushoto. Sukuma."

Wapiga mbizi walikuwa hawajagusa maji wakati mlango mdogo ulipofunguka kwenye tumbo la kijani na helmeti ikatokea. Ukingo mzima ukapumua. Halafu redio ikakoroma sikioni.

"Mjomba," Trask alisema, anahema, "mbona leo una sauti nzuri hivyo?"

Marlys akamrudishia Emmett hedifoni yake. Mzee aliivaa kichwa chini, akamwita mpwa wake mpumbavu, akamwita tena, halafu akalia. Marlys alimshika mkono mpaka akamaliza. Na safari hii ndoo ya mchanga hakuitazama hata mara moja.

Walipomwondoa Trask na kuivuta boti yake pembeni, waamuzi walitangaza kwamba mbio zinaanza upya, na boti zilizobaki zirudi kuzunguka. Emmett hakuwa na boti tena, lakini hakushuka. Alibaki pale pale bega kwa bega na Marlys, akajaza mbegu mdomoni.

"Orrin, umenisikia?" Marlys aliuliza redioni.

"Siku zote," Orrin alijibu.

"Umemwona Trask?"

"Nimemwona. Ananipungia mkono kama malkia."

"Haya. Zunguka."

Boti zikaenda hadi darajani, zikageuka. Mluzi ukapanda. Saa kubwa ikaanza kula muda wake. Marlys aliitazama boti nyekundu ikitokea konani, na safari hii aliiona moja tu. Ile nyingine, ya nyuma ya macho, ilikuwa imebaki kule majini pamoja na ya kijani. Alivuta pumzi kama anayewaandaa waimbaji.

"Ngoja," akasema.

Macho yalimwambia bado mapema. Ngozi ilimwambia sasa.

"Kanyaga."

Turbini ikavuta pumzi, ikapiga mluzi, na Bi Cheri ikachomoka kwenye maji huku waongozaji wengine ndiyo kwanza wanafungua midomo. Kwa muda Marlys alidhani amemwahisha. Saa ikaisha, na pua nyekundu ikaukata mstari pale pale, ya kwanza, peke yake, ikachukua njia ya ndani na kuelekea konani na mkia wa maji nyuma yake mrefu kuliko kanisa la Walutheri.

"Basi hatimaye amefika, yule uliyekuwa unamngoja," Emmett alisema.

Orrin hakushinda. Nisiwadanganye. Kulikuwa na boti ya buluu yenye injini mpya ambayo mzunguko wa mwisho ilimpita kwa nje, na hakuna mguu duniani ambao ungeizuia. Alimaliza wa pili. Lakini Lyle hakujali wa pili wala wa kwanza, alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili na anamwambia kila anayepita, hata wasiomjua, "Umeuona ule mguu? Umeuona?"

Marlys alishuka mnarani taratibu. Alimkuta Orrin nyuma ya trela amekaa juu ya lile tairi la akiba, suti ameishusha mpaka kiunoni, anakunywa maji. Juu yao kreni ilikuwa inaishusha Bi Cheri, inachuruzika.

"Nina jambo," Marlys alisema. "Usinikatize, nikikatizwa sitasema tena."

"Sikukatizi."

"Haukuwa mguu wako. Ni mimi. Msimu mzima nilikuwa nachelewesha neno. Sikukusudia, lakini ni mimi. Watu wamekuita mwoga kwa ajili yangu, na Lyle alikuwa anakunyang'anya boti kwa ajili yangu."

Orrin alikunywa maji, akafunga chupa. "Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba unachelewa. Tangu mbio za kwanza."

"Umejuaje?"

"Ile injini naikalia, mama. Naujua wakati wake kwa makalio. Kila mara nilikuwa najua sasa ndiyo sasa, na najua hujasema."

"Na mguu ni wako. Kanyagio liko chini yako. Kwa nini hukukanyaga?"

"Hukuwa umesema."

"Orrin, usinichezee."

Alihama kidogo kwenye tairi ili mkewe apate pa kukaa. Marlys hakukaa.

"Mwaka jana nilipokuwa kule chini," Orrin alisema, "mkono ulikuwa umekwisha kushika mkanda. Nilikuwa nauvuta. Yale ya bwawani yote yamenitoka. Ukasema ngoja, nikaacha. Ningevuta, tusingekuwa hapa." Aligeuza chupa mkononi. "Sasa sauti hiyo hiyo ikiniambia ngoja, mimi ni nani nibishe? Nikaona unaogopa. Nikasema nitamngoja. Akiwa tayari ataniambia."

"Na kama nisingekuwa tayari? Lyle angekutoa."

"Ningekuwa balozi wa cheri. Mafundi wameninong'oneza, wanasema ni kazi ya heshima."

Hapo Marlys alimpiga na taulo. Alimpiga mara nyingine, halafu akakaa kwenye tairi na kulia kifuani kwake, suti ya mbio inanuka mafuta ya ndege na jasho, na Orrin akamwacha alie. Hakumbembeleza wala kumharakisha. Watoto wa baiskeli walipita kwa kelele, viboti vinaruka ruka nyuma yao, na safari hii yule kibogoyo alikuwa Trask.

Lyle akaja mbio, tumbo mbele. "Orrin, ndugu yangu, Seattle tunakwenda? Sema tunakwenda."

"Muulize huyu," Orrin alisema.

Lyle alimgeukia Marlys, akaona macho mekundu, akavua kofia haraka kama mtu aliyeingia msibani.

"Tunakwenda," Marlys alisema huku anajipangusa. "Na yule kijana wa Detroit mwambie nafasi ya balozi bado ipo."

Jioni, vitu vimekwisha kupakiwa, Orrin alikuwa mlangoni mwa gari na ufunguo mkononi, na Marlys yuko ndani anahangaika kwenye kabati. Alikuwa anatafuta ile pai ya mwisho, ampelekee Trask kabla Emmett hajamuua kwa matusi.

"Tuondoke?" Orrin aliuliza.

"Ngoja," Marlys alisema.

Orrin akaegemea mlango, akangoja.